ECG ya kwanza ilikuwa nzuri, kesho yake wakasema ni shambulio la moyo

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 61, ana kisukari cha muda mrefu na presha. Tunaishi Morogoro. Jumapili jioni alianza kulalamika chembe ya moyo inamchoma, akatapika mara mbili, akatokwa na kijasho chembamba. Hakusema kifua kinauma. Tulimpeleka hospitali iliyo karibu, akapimwa ECG (kipimo cha umeme wa moyo), tukaambiwa moyo uko sawa, hivyo ni vidonda vya tumbo. Akachomwa sindano ya diklofenaki, akapewa omeprazoli na dawa ya maji ya tumbo, akapata nafuu kidogo, tukarudi nyumbani. Usiku hakulala. Asubuhi tukampeleka hospitali kubwa, wakarudia ECG na kupima damu, wakasema troponini imepanda, ni shambulio la moyo. Alilazwa siku tano, ameruhusiwa na vidonge vingi, na tumepewa rufaa ya Dar es Salaam kupigwa picha ya mishipa ya moyo baada ya wiki sita. Je, ECG ya kwanza ilikuwa ya uongo? Kwa nini baba hakuchomwa ile sindano ya kuyeyusha damu aliyochomwa jirani yetu mwaka jana, naye akiwa na shambulio la moyo? Na sasa baba anasema amepona na anataka kuacha dawa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lisiloweza kungoja. Baba asiache dawa hata moja, hasa aspirini na klopidogreli, zile zinazozuia donge la damu lisijengeke. Na zile wiki sita ni nyingi mno kwa mtu mwenye kisukari ambaye troponini yake, yaani protini inayovuja kwenye damu misuli ya moyo ikiumia, imepanda. Kesho asubuhi rudi kwa daktari aliyeandika rufaa, umwombe awasiliane na Dar es Salaam tarehe isogezwe mbele. Sababu zote mbili nitazieleza, lakini twende kwanza kwenye ECG, maana ndipo jambo lenyewe lilipoanza.

ECG ya kwanza haikuwa ya uongo. Inawezekana kabisa ilisema kweli, ila ilisema kweli kuhusu sekunde 10 tu. Kipimo cha kawaida cha umeme wa moyo hurekodi takriban sekunde 10. Ugonjwa wa baba ulianza Jumapili jioni na ukaendelea mpaka asubuhi, ukizidi na kupungua, ukizidi na kupungua. Ukipima katika dakika ambayo damu inapita, karatasi itatoka safi. Ndiyo maana shambulio la moyo halifutwi kwa ECG moja nzuri, na hili ningependa kila anayefanya kazi mapokezi alijue, kuanzia muuguzi wa zahanati hadi daktari wa zamu.

Ngoja nikueleze kinachotokea ndani. Misuli ya moyo inalishwa damu na mishipa yake yenyewe, miwili inayochipuka kutoka mshipa mkuu, wa kushoto na wa kulia, na ule wa kushoto hugawanyika matawi mawili makubwa. Watu wengi hudhani mafuta hujaa ndani ya mishipa hiyo polepole mpaka siku moja tundu linaziba. Sivyo inavyokuwa mara nyingi. Mafuta hukaa ndani ya ukuta wa mshipa, yamefunikwa na utando mwembamba, mfano wa jipu chini ya ngozi. Siku utando ule unapopasuka, damu inayopita hukutana na rojo la ndani, chembe sahani, zile za damu zinazoziba majeraha, hukimbilia pale zikashikamana, na donge la damu hujengeka kwa dakika chache. Mshipa uliokuwa umebanwa kidogo tu, ambao jana yake ungemruhusu mtu kupanda ngazi bila shida, leo unaziba. Mwili nao una njia yake ya kuyeyusha madonge, kwa hiyo donge hukua, likapungua, likakua tena. Hapo ndipo nafuu ya baba ya saa kadhaa inapoweza kuwa ilitoka, wala si lazima iwe imetoka kwenye dawa ya maji.

Hili la nafuu nalisisitiza kwa sababu limewarudisha watu wengi nyumbani. Mgonjwa kupata nafuu baada ya dawa ya tumbo hakuthibitishi kwamba tatizo lilikuwa tumbo. Kadhalika, kupata nafuu baada ya kidonge cha nitrogliserini chini ya ulimi hakuthibitishi kwamba tatizo ni moyo, kwa kuwa dawa hiyo hulegeza hata misuli ya umio. Nafuu si kipimo.

Halafu kuna suala la mahali. Ukuta wa chini wa moyo umelala juu ya kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na shambulio la upande huo hupenda kuja kwa kutapika, kichefuchefu na maumivu ya chembe ya moyo. Ukuta wa nyuma nao hauonekani vizuri kwenye ECG ya kawaida, kwa sababu vibandiko vyote sita vya kifua huwekwa mbele na ubavuni. Mtaalamu anayeshuku huhamisha vibandiko vitatu na kuvibandika chini ya bega la kushoto, mgongoni, kisha anapima tena. Ni kazi ya dakika tatu na haihitaji kifaa kipya. Mimi huiona kuwa moja ya hatua zinazosahaulika kirahisi kuliko zote katika dharura za moyo.

Na baba ana kisukari. Kisukari cha miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, ikiwemo inayopeleka taarifa za maumivu kutoka moyoni. Mgonjwa wa namna hiyo anaweza kupata shambulio kamili asihisi ule uzito wa kifua unaoenda mkono wa kushoto na taya. Atakuambia amechoka ghafla, anahema, tumbo linamvuruga, anatoka jasho. Wanawake na wazee pia hujitokeza hivyo mara nyingi kuliko tunavyotegemea. Mwanaume wa miaka 61, mwenye kisukari na presha, anayetapika na kutoka kijasho chembamba, huyo ni mgonjwa wa moyo mpaka vipimo vionyeshe vingine. Vidonda vya tumbo vipo kweli na vinachoma kweli, lakini havina haraka ya namna hii. Unaanza na kinachoua.

Kwa hiyo ilitakiwa ifanyike nini Jumapili usiku? Karatasi yenyewe sijaiona, ila utaratibu unajulikana. ECG hupimwa ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike, na daktari anaisoma hapo hapo. Ikiwa nzuri lakini mgonjwa bado analalamika, inarudiwa kila baada ya dakika 15 hadi 30 katika saa ya kwanza, na tena kila maumivu yanapobadilika. Wakati huohuo damu inatolewa kwa ajili ya troponini, kisha inatolewa tena baada ya saa kadhaa. Mgonjwa anabaki kitandani, amefungwa mashine inayoonyesha mapigo, kwa sababu katika saa za mwanzo moyo unaweza kuvuruga mapigo ghafla ukasimama, na mtu aliye karibu na mashine ya kushtua moyo ana nafasi ya kuokolewa ambayo aliye nyumbani hana. Pale walipopungukiwa ni hapo: kumruhusu kwa karatasi moja. Utafiti uliofanywa hospitalini Moshi, mkoani Kilimanjaro, ulionyesha kwamba wagonjwa wengi waliofika idara ya dharura wakiwa na shambulio la moyo waliandikiwa ugonjwa mwingine, na wengi hawakupewa hata aspirini. Kwa hiyo yaliyompata baba hayakumpata yeye peke yake.

Troponini nayo ieleweke, kwa sababu watu wanaichukulia kama kipimo cha malaria, ipo au haipo. Ni protini iliyomo ndani ya seli za misuli ya moyo. Seli zikifa, inavuja kuingia kwenye damu, lakini si papo hapo. Kwa vipimo vya kawaida huanza kuonekana baada ya saa 3 hadi 4, na hubaki juu kwa siku 7 hadi 14. Mtu aliyeanza kuumwa saa moja usiku akapimwa saa mbili usiku anaweza kutoka hana kitu, na jibu hilo halina maana yoyote mpaka lirudiwe. Vile vipimo vya haraka vya kibanzi, vinavyotoa mstari mmoja au miwili, huchelewa zaidi kugundua kiasi kidogo. Maabara zenye kipimo kipya chenye hisia kali hutoa namba, na huko unaweza kurudia baada ya saa 1, 2 au 3. Tunachokitafuta ni mwendo wa namba. Tuseme ya kwanza ni 12, ya pili baada ya saa 3 ni 95: hiyo inapanda, moyo unaumia sasa hivi. Mwingine ana 60 na baada ya saa 3 ana 61. Huyo huenda ana ugonjwa sugu wa figo au moyo uliopanuka, na troponini yake iko juu siku zote. Kwa nchi yetu, ambako presha imeharibu figo za watu wengi, kutofautisha hawa wawili ni kazi ya kila siku.

Sasa twende kwa jirani yako.

Yeye na baba wote walipata shambulio la moyo, lakini si la aina moja, na matibabu hugawanyika hapo hapo kwenye karatasi ya ECG. Karatasi ile ina vijisanduku vya milimita moja. Baada ya kila pigo kuna kipande kifupi cha mstari, tunakiita ST, ambacho kwa kawaida hulala sawa na mstari wa msingi. Mshipa ukiziba kabisa, kipande hicho hupanda. Kikipanda milimita 1 au zaidi katika vielekezi viwili vinavyopakana, yaani michoro miwili inayotazama sehemu jirani za moyo (mbele ya kifua tunataka zaidi, milimita 2 kwa mwanaume aliyevuka miaka 40), na dalili zinaendana, tunaamini mshipa mkubwa umefungwa kabisa na misuli inakufa kila dakika. Hatusubiri troponini. Mshipa lazima ufunguliwe.

Kuna njia mbili za kuufungua. Ya kwanza, ambayo ni bora, ni kupeleka mrija mwembamba kupitia mshipa wa mkononi au wa pajani hadi moyoni, kupanua pale palipoziba kwa puto na kuacha kijibomba cha waya, yaani stenti. Andreas Grüntzig alifanya upanuzi wa kwanza wa puto kwenye mshipa wa moyo wa mgonjwa aliye macho huko Zurich mwaka 1977, na tangu hapo kazi hii imesambaa duniani. Kwa Tanzania inafanyika katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyopo Muhimbili na sehemu nyingine chache. Sharti lake ni muda: kama kuanzia ECG inaposomwa mpaka mrija unapopita kwenye donge hautazidi dakika 120, njia hii ndiyo inayochaguliwa. Morogoro hadi Dar es Salaam ni kilomita karibu 200. Ukijumlisha kutafuta gari la wagonjwa, barabara, kuingia mjini na kuandaa chumba, dakika 120 zimepita zamani.

Kwa hiyo wa Morogoro, Singida au Lindi anatibiwa kwa njia ya pili, sindano ya kuyeyusha donge, ambayo ndiyo aliyochomwa jirani yako. Inafanya kazi ndani ya saa 12 tangu maumivu yaanze, na nguvu yake kubwa iko katika saa 2 hadi 3 za mwanzo. Mwongozo wa Ulaya unataka sindano iingie ndani ya dakika 10 tangu ugonjwa utambuliwe. Ya zamani na ya bei nafuu ni streptokinesi, yuniti milioni 1.5 kwa dripu ya dakika 30 hadi 60. Hushusha presha wakati inaingia, kwa hiyo muuguzi hakai mbali. Mpya zaidi ni tenekteplesi, inapigwa mara moja tu kulingana na uzito, na waliofikisha miaka 75 hupewa nusu ya dozi. Zote zinaambatana na aspirini, klopidogreli na dawa ya kuzuia damu kuganda kama enoksaparini. Baada ya dakika 60 hadi 90 ECG inarudiwa: kipande cha ST kikiwa kimeshuka kwa nusu au zaidi, mshipa huenda umefunguka. Kisipopungua, mgonjwa anasafirishwa saa ileile. Na hata aliyepona vizuri anatakiwa apigwe picha ya mishipa kati ya saa 2 na 24, ikiwezekana.

Dawa hiyo haina huruma kwa aliyepewa kimakosa. Karibu mgonjwa 1 kati ya 100 hupata damu kuvuja kwenye ubongo hata akiwa amechaguliwa vizuri. Hapewi aliyewahi kuvuja damu kichwani, aliyepata kiharusi miezi ya karibuni, aliyetoka kupasuliwa upasuaji mkubwa, anayetokwa damu sasa hivi, wala anayeshukiwa kuchanika mshipa mkuu wa damu. Huyu wa mwisho hulalamika maumivu makali ya kupasua yanayoingia mgongoni, na presha ya mkono mmoja inaweza kutofautiana sana na ya mwingine. Ukimchoma dawa ya kuyeyusha damu, umemmaliza.

Baba yeye, kwa maelezo yako, alikuwa na troponini iliyopanda, na hukuniambia kwamba ST ilipanda. Maana yake ni kwamba mshipa ulibanwa sana bila kufungwa moja kwa moja, au ulifungwa ukafunguka wenyewe, na sehemu ya misuli ikafa. Kwa wagonjwa wa aina hii sindano ya kuyeyusha ilikwisha kujaribiwa miaka ya 1990. Haikuwasaidia, na hatari ya kuvuja damu ilibaki palepale. Kwa hiyo waliomhudumia asubuhi ile walifanya sawa kutompa. Hakunyimwa kitu. Kipo pia kikundi cha tatu, cha wenye maumivu ya namna hiyohiyo, donge lipo, lakini troponini haipandi kwa sababu seli bado hazijafa. Hao nao hulazwa na kutibiwa kwa uzito uleule, maana kesho yake wanaweza kuwa kama baba.

Matibabu ya baba yalikuwa ni kulizuia donge lisikue. Msingi wake ni aspirini, miligramu 300 zilizotafunwa mara ya kwanza, kisha 75 kila siku. Dawa hii ya bei ndogo kuliko soda ina ushahidi ambao dawa nyingi za gharama hazina. Mwaka 1988 yalitoka majibu ya utafiti ulioitwa ISIS-2, wagonjwa 17,187 katika hospitali 417. Aspirini peke yake ilipunguza vifo vya wiki 5 kwa asilimia 23, streptokinesi kwa asilimia 25, na zote mbili pamoja kwa asilimia 42. Kila ninapoona mgonjwa wa kifua amepita vituo viwili vya afya bila kupewa aspirini, huumia moyoni kwa kweli, kwa sababu kidonge kilikuwepo kabatini.

Juu ya aspirini huwekwa klopidogreli, sindano za enoksaparini tumboni kwa siku chache (dozi hupunguzwa figo zikiwa dhaifu, na kwa mwenye kisukari ni lazima ziangaliwe), atovastatini ya dozi kubwa miligramu 40 hadi 80 kuanzia siku ya kwanza bila kujali kipimo cha mafuta kinasemaje, bisoprololi au nduguye ya kupunguza kasi ya moyo, na enalaprili au inayofanana nayo kwa kuwa ana presha na kisukari. Oksijeni haihitajiki kama kiwango chake kwenye damu ni asilimia 90 au zaidi. Mwaka 2017 utafiti mkubwa wa Sweden ulionyesha haiongezi uhai kwa watu kama hao, ingawa ndugu hupenda kumwona mgonjwa wao amevalishwa mrija puani.

Diklofenaki ndiyo iliyonisikitisha katika barua yako. Dawa za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni, huongeza hatari ya mishipa ya moyo kuziba, na kwa mtu aliye katikati ya shambulio hazifai kabisa. Zaidi ya hapo ibuprofeni inaweza kuizuia aspirini isifanye kazi yake. Kuanzia leo mweleze kila mfamasia na kila duka la dawa: baba hatumii diklofenaki, ibuprofeni wala ndugu zake, awe anaumwa mgongo, meno au goti. Paracetamol inamtosha.

Omeprazoli nayo nina neno. Klopidogreli ikimezwa haifanyi kazi mpaka ini liibadilishe, na omeprazoli hushindania kimeng'enya kilekile. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu kuchanganya hizi mbili. Utafiti uliofuata haukuona mashambulio yakiongezeka, kwa hiyo msiogope kama alikuwa akizimeza pamoja. Lakini kwa kuwa anahitaji kinga ya tumbo akiwa na aspirini na klopidogreli, mwombe daktari ambadilishie awe na pantoprazoli, ambayo haina mgongano huo kwa kiwango kinachotutia wasiwasi.

Hapa ndipo tunarudi kwenye wiki sita. Mgonjwa kama baba, mwenye troponini iliyopanda na kisukari juu yake, hupangiwa picha ya mishipa wakati bado amelazwa, wale wa hatari kubwa ndani ya saa 24. Nafahamu foleni, nafahamu bima, nafahamu kwamba si kila mkoa una mtambo. Bado rufaa ya wiki sita inapaswa kupiganiwa ishuke, kwa sababu shambulio la pili huja zaidi katika wiki za mwanzo. Na maumivu yakirudi hata mara moja kabla ya tarehe hiyo, msingoje tarehe; anarudi hospitali siku hiyohiyo na anasafirishwa akiwa mgonjwa wa dharura.

Picha yenyewe isimwogopeshe. Anakuwa macho, anachomwa ganzi kwenye kifundo cha mkono, karibu na kiganja, mrija unaingia, dawa ya rangi inapigwa na mishipa inaonekana kwenye skrini. Ikionekana sehemu moja au mbili zimebana, anaweza kuwekewa stenti palepale. Ikionekana mishipa yote mitatu imeathirika, kwa mwenye kisukari mara nyingi tunapendekeza upasuaji wa kuunganisha mishipa mipya kuzunguka palipoziba. Utafiti wa FREEDOM wa mwaka 2012, wenye wagonjwa 1,900 wa kisukari, ulionyesha kwamba waliofanyiwa upasuaji walipata vifo na mashambulio machache kuliko waliowekewa stenti, ingawa kiharusi kiliwapata zaidi kidogo. Kwa hiyo mkiambiwa "upasuaji" msidhani mmepewa njia ya pili kwa ubora. Pia kabla ya hapo afanyiwe eko, yaani ultrasound ya moyo, kama hajafanyiwa, ijulikane moyo umebaki na nguvu kiasi gani.

Na yeye anasema amepona. Namwelewa sana, kifua kimetulia, anatembea, na mezani kuna vidonge sita vya kumkumbusha ugonjwa. Lakini pale utando ulipopasuka hapajapona kwa siku tano, na mara nyingi kuna sehemu nyingine za mshipa zinazofanana na ile. Mwaka 2001 utafiti wa CURE, wagonjwa 12,562 wa aina hii hii ya baba, ulionyesha kwamba kuongeza klopidogreli juu ya aspirini kulipunguza vifo vya moyo, mashambulio na viharusi kutoka asilimia 11.4 hadi 9.3, na walitumia kwa miezi 3 mpaka 12. Kwa hiyo tunasema miezi 12 ya klopidogreli, kisha daktari anaamua. Aspirini na atovastatini ni za kuendelea. Akiwekewa stenti halafu akaacha dawa hizi mwezi wa kwanza, stenti yenyewe inaweza kuziba ghafla, na hiyo hatari yake ni kubwa kuliko shambulio alilolipata.

Usimbembeleze kwa maneno ya jumla. Muulize ni dawa ipi inamsumbua. Mara nyingi kuna sababu halisi: enalaprili humletea kikohozi kikavu, basi inabadilishwa na losartani, bisoprololi inamlegeza, basi dozi inapunguzwa, atovastatini inamuuma misuli, basi daktari anapima damu na kupanga upya. Kama sababu ni fedha, lisemwe waziwazi kliniki, ili daktari aandike zile za bei nafuu na aeleze zipi hazikosekani. Kinyesi kikiwa cheusi kama lami au akitapika damu, arudi hospitali upesi, na aende na dawa zake zote mkononi.

Dalili zikirudi, yaani maumivu ya kifua, chembe ya moyo, taya au mkono, au kuhema kusikoeleweka, yakiwa yamepita dakika 10 akiwa amekaa, msimpe magadi, msimchue kifua, msimwambie atembee kidogo. Akae, atafune aspirini jumla ya miligramu 300 (vile vidogo vya 75 ni vinne) kama hana mzio wala hatokwi na damu, na apelekwe kwa gari, asiendeshe mwenyewe, hadi hospitali yenye ECG hata kama inabidi kupita zahanati iliyo karibu. Kama amepewa nitrogliserini aiweke chini ya ulimi akiwa amekaa, na asiitumie kabisa kama amemeza dawa ya nguvu za kiume kama sildenafili ndani ya siku moja. Presha inaweza kuporomoka. Akianguka akawa hajibu na hapumui vizuri, mmoja wenu abonyeze katikati ya kifua kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike.

Jambo moja la leo jioni: omba hospitali waliyomlaza nakala ya ECG ya siku aliyoruhusiwa, uipige picha ibaki kwenye simu yako na ya ndugu mwingine. Siku atakapofika dharura popote, daktari atakayeilinganisha na mpya ataona kwa dakika moja kipi ni cha zamani na kipi kimeanza leo. Ukienda Dar es Salaam, iwe kwa basi au kwa treni ya SGR, beba na nakala hiyo ya ECG, majibu ya troponini yenye saa yalipochukuliwa, kipimo cha figo cha wiki hiyo, na orodha ya dawa. Kama anatumia metformini, waulize kabla ya picha, kwa sababu figo zikiwa dhaifu itasimamishwa kabla ya dawa ya rangi na kurudishwa baada ya saa 48 figo zikishapimwa upya.